Hina, Msondo na Sauti ya Bi Kidude

Hapa Fundo, kisiwa kinachotazamana na mji wa Wete, fundi wa hina hajitangazi. Watu hutazama mikono ya mabibi harusi aliowapamba, basi. Ndiyo maana nikimtaja Bi Kidude huanza na hina, ingawa dunia ilimjua kwa nyimbo.

Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, mzaliwa wa Mfagimaringo, Unguja, binti wa muuza nazi, alitengeneza hina na wanja, akawafunda wari katika unyago, akaimba taarabu. Wengi huziona kazi hizo kuwa njia tatu za kutafutia riziki. Kwangu mimi ni kazi moja: kumsimulia mwanamke habari za maisha yake bila kumficha kitu.

Tazama hina ilivyo. Majani hukaushwa, hutwangwa, huchekechwa mpaka unga uwe laini kabisa, kisha hukandwa kwa maji ya ndimu na kuachwa. Mpakaji hana haraka, kwa sababu hina ikishaingia kwenye ngozi haifutiki kesho wala keshokutwa. Bibi harusi naye hukaa saa nyingi amenyoosha mikono, hawezi hata kujikuna. Hapo ndipo mkubwa anapopata nafasi ya kusema, na mdogo hana budi kusikiliza. Fundi wa hina asiyejua kuzungumza ameifanya nusu ya kazi.

Nusu ya pili Bi Kidude aliikamilisha kwenye ngoma. Msondo ni ngoma ndefu. Yeye aliifunga kwa kanga kiunoni, akaisimamisha katikati ya miguu, akaipiga kwa viganja huku akiimbisha. Aliipiga hivyo hata uzeeni, wakati wengi wa rika lake walikuwa wameshazikwa. Nyimbo za unyago zimejaa mafumbo, na mwari hupewa fumbo kwanza, maana baadaye. Kungwi ndiye anayejua pa kusita, pa kurudia, na pa kuuachia mdundo useme peke yake. Bi Kidude hakujaliwa mtoto wa kumzaa, lakini waliopita mikononi mwake ni wengi.

Alipoimba taarabu hakuyaacha hayo mlangoni. Nyimbo alizichukua kwa mwimbaji Siti binti Saad wa Fumba, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928. Sikiliza anavyoimba “Kijiti”, kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja akiwa mjamzito, na muuaji akatoroka. Mwimbaji mwingine angelia. Bi Kidude halii. Sauti yake nzito, yenye mikwaruzo, inatoa maneno kama shahidi aliyesimama mbele ya hakimu, neno baada ya neno, na uchungu unabaki kwa msikilizaji. Ustadi huo haukutoka kwa fidla wala ganuni. Nasema umetoka unyagoni, ambako anayefunza hatakiwi kulia mbele ya wari.

Dunia ilichelewa kumtambua. Tuzo ya muziki ya WOMEX aliipata mwaka 2005, akiwa tayari ajuza, na mwaka uliofuata Andy Jones akatoa filamu juu yake. Alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013. Umri wake halisi hakuna aliyeujua; mwenyewe alihesabu tangu enzi ya rupia.

Santuri na filamu zimebeba sauti yake, na ni jambo la kushukuru. Ila hazikubeba kiganja kinachopima hina kwa kuigusa, wala macho ya kungwi yanayojua mwari yupi ameelewa. Hayo hurithiwa kwa kukaa chini. Si kila wimbo wa unyago ni wa kurekodiwa kwa simu, na wenyewe wana haki ya kukataa. Kwa hiyo kama kwenu yupo bibi mwenye ujuzi huu, mwendee sasa, mtwangie hina yake, na umwombe akufunze.