Sikiliza Magita Yakibaki Peke Yake

Bendi kongwe ya benga ikitoa albamu mpya, hukumu haichelewi. Kutoka Migori mjini hadi Awendo na Rongo, na kutoka Oyugis na Kendu Bay hadi Homa Bay na Mbita, nyimbo huingia kwenye simu, kwenye spika za matatu na za bodaboda, na kabla wiki haijaisha kila mtu ana lake. Ukiyachuja maoni hayo hubaki manne: sauti ya kiongozi imechoka, kinanda kimeharibu muziki, nyimbo zote zinafanana, na majina ya wenye pesa yamezidi. Kila moja lina chembe ya ukweli. Lakini yote manne hupima mambo ambayo hata bendi changa ingeweza kuyapatia au kuyakosea, ilhali tunachotaka kukijua ni kama ukongwe wenyewe umezaa kitu. Ukongwe wa bendi hauko kooni mwa mwimbaji, maana koo huzeeka tu. Hudhihirika waimbaji wanaponyamaza na magita yakabaki peke yake, kwa sababu hapo ndipo watu waliopiga pamoja miaka mingi hushindwa kuficha kama bado wanasikilizana. Anayetaka kuipima albamu kwa haki aanzie hapo, kisha arudi kwenye maneno.

Sababu iko katika asili ya muziki huu. Mpiga nyatiti huketi na ala yake ya nyuzi nane, huimba, na wakati uo huo huigonga kwa oduong'o, pete ya chuma aliyoivaa kwenye kidole cha mguu. Wimbo, jibu la wimbo na mdundo vyote hutoka kwa mtu mmoja. Gita lilipoenea Nyanza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kizazi cha kina John Ogara kikalizoea na kulipiga kwa mtindo wa nyuzi za nyatiti, kazi zile zikagawanywa. Solo likachukua nyuzi nyembamba na kumfuata mwimbaji, rizimu ikachukua jibu linalozunguka, besi ikachukua nyuzi nzito, na drams zikachukua kazi ya mguu. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 kijijini Nyamagongo karibu na Shirati, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Migori, ni mmoja wa walioufanya mgawanyo huo ujulikane Afrika Mashariki nzima akiwa na Shirati Jazz. Benga iliyoiva basi ni watu wanne au watano wanaofanya kazi ambayo zamani ilikuwa ya kichwa kimoja. Hilo halipatikani kwa majuma mawili ya mazoezi, wala mfadhili hawezi kulinunua.

Usikilize nini hasa? Anza na solo wakati mwimbaji bado anaimba. Solo zuri halingoji ubeti uishe ndipo liingie. Hudaka silabi za mwisho, huzirudia kwa kuzipinda kidogo, na huondoka kabla mwimbaji hajaanza mstari unaofuata. Mpigaji anayejaza kila upenyo kwa noti za haraka huwa na vidole vyepesi na masikio mazito. Kisha hamia kwenye rizimu, ambayo wasikilizaji wengi huisahau na ambayo kwa maoni yangu ndiyo kipimo kikali kuliko vyote. Kazi yake ni kurudia kifungu kimoja kifupi, na ugumu wake ni kukirudia bila kukiua: fundi huhamisha noti moja, huiacha nyingine, hukaza mkono kidogo solo linapopanda. Ukisikia rizimu iliyo sawasawa kabisa tangu dakika ya kwanza hadi ya saba, shuku kwamba ilipigwa mara moja ikanakiliwa. Besi ya benga nayo haikokoti noti ndefu; huzungumza kwa vifungu vifupi, huruka, hunyamaza, na nafasi anazoziacha mpiga besi ndizo mchezaji huzikanyagia. Kinachobaki ni lango la chemko, ile sehemu ya magita matupu. Bendi hai huingia humo kwa pamoja, kwa ishara ya drams au ya noti moja ya solo, na mara nyingi mwendo hukaza kidogo bila mtu kuamua. Bendi iliyorekodiwa vipande vipande, kila mmoja siku yake na kipaza sauti chake, huvuka hapo kwa mshtuko, kama gari la mwanafunzi wa udereva linapobadilishwa gia.

Pingamizi la kwanza ni zito, na wenye kulitoa wanastahili jibu. Benga, watasema, ni muziki wa maneno. Misiani aliitwa mfalme wa historia, sifa ambayo kampuni ya Stern's ya London iliifanya jina la mkusanyo wa rekodi zake za miaka ya 1970 uliotoka mwaka 2010. Aliimba visa vya watu na vya wakubwa wa siasa, akavifunika kwa mafumbo, na mafumbo hayo yalimtia matatani na serikali zaidi ya mara moja. Vipi basi msikilizaji wa Ndhiwa au Uriri aambiwe kwamba kipimo kikuu kiko pale maneno yanapokwisha? Anaweza kuambiwa, kwa sababu katika benga maneno hayasimami bila gita. Dholuo hubeba maana pia katika kupanda na kushuka kwa sauti, kwa hiyo solo linalofuata silabi za mwimbaji linafuata lugha yenyewe, na fumbo likishatamkwa, zile sekunde za gita ndizo humpa msikilizaji muda wa kulitafuna. Solo likizembea, hata tungo ya maana hupita bila kuacha alama. Anayempenda mtunzi hana budi kumpima mpiga solo wake.

Ushahidi mwingine uko mbali na Ziwa Victoria. Rekodi za benga zilizotolewa na Phares Oluoch Kanindo zilifika Zimbabwe katika miaka ya 1970, na huko muziki huo ukaitwa kanindo kwa jina lake. Lebo yake mojawapo, Sungura, ikauachia muziki wa magita wa nchi ile jina unalolitumia hadi leo. Wasikilizaji wa Harare hawakujua Dholuo. Walichokipokea, wakakiiga na kukigeuza chao, ni yale mazungumzo ya solo, rizimu na besi. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers nao walipoifikisha benga ya Ukambani nchi nzima kwa nyimbo za Kiswahili, lugha ilibadilika lakini ufundi uliendelea kupimwa vilevile. Ikiwa mtu asiyeelewa neno hata moja anaweza kuitambua benga nzuri, basi kuna kitu ndani yake ambacho wapenda maneno hukisikia kila siku bila kukitaja.

Lalamiko la kinanda huja kwa hasira zaidi na lina msingi hafifu. Gita la umeme na drams zilikuwa ugeni siku moja. Ohangla, jirani wa karibu wa benga, ilianza ikiwa muziki wa ngoma zilizowambwa ngozi ya kenge, na kinanda kilipoingia haikufa. Tony Nyadundo aliipeleka kwa vijana ambao wazazi wao waliiona kuwa mambo ya shambani. Mfano wa mbali zaidi ni kundi la Extra Golden. Mwaka 2004, Ian Eagleson na Alex Minoff, wapiga gita wa bendi ya roki ya Marekani iliyoitwa Golden, walirekodi Nairobi pamoja na Otieno Jagwasi wa Extra Solar Africa. Jagwasi alifariki mwaka 2005, na albamu yao, Ok-Oyot System, ikatoka mwaka uliofuata. Hera Ma Nono ya mwaka 2007 ilimleta Opiyo Bilongo. Mshabiki wa santuri za zamani angetarajia vurugu, maana gita la roki lina mkwaruzo wake na hupenda kutawala. Lakini mle ndani linangoja zamu na linajibu linapoitwa. Swali la kuuliza kila ala ngeni inapoingia ni nani amenyamazishwa ili ipate nafasi. Kinanda kinachokaa nyuma ya sauti za waitikiaji hakimdhuru mtu. Kinanda kinachotandazwa dakika zote juu ya rizimu kimelifukuza gita moja kazini, na mashine ya ngoma isiyojua kukaza mwendo imewafunga mikono waliobaki. Hapo mlalamikaji ana haki, ingawa mara nyingi analaumu ala kwa kosa la aliyeipanga.

Sauti iliyochoka haihitaji mjadala mrefu. Mwimbaji wa miaka sitini hawezi kudai nyuzi za miaka ishirini na mitano, na bendi yenye akili hushusha wimbo, hupunguza beti na huwaachia waitikiaji sehemu za juu. Inayostahili lawama ni ile inayomwacha mzee wa watu akimbizane na ufunguo wa zamani. Kuhusu nyimbo kufanana, ni kweli mifupa ya benga ni michache, na anayetoka kwenye rumba ya Kongo ataona umaskini. Lakini anayelalamika hivyo kwa kawaida anasikiliza ubeti tu. Aziweke chemko mbili za albamu moja kando kando. Zikifanana hata hapo, lalamiko lake limethibitika, na ni kasoro kubwa.

Majina ndiyo yanayochosha watu wengi, na hapa mimi nasimama katikati. Pakruok, kujisifu na kusifiwa hadharani, ni desturi ya Waluo iliyoitangulia bendi yoyote ya umeme, na anayetaka benga isiyotaja mtu anatafuta muziki mwingine. Anayetajwa hutoa chake, na bendi za huku zimeishi kwa ukarimu wa wafanyabiashara wa samaki wa Homa Bay, wakulima wa miwa wa Awendo na wenye mashimo ya dhahabu kule Nyatike. Siulizi majina ni mangapi. Nauliza yamewekwa wapi. Mtajaji hodari huyachomeka katika nafasi alizoziacha mpiga besi, jina likaangukia mdundo, solo likalipokea na kulipamba, na hata asiyemjua mtajwa akafurahi. Mtajaji mvivu husoma orodha juu ya chemko lote. Hilo linapotokea nashuku jambo baya zaidi kuliko tamaa ya pesa: pengine chini ya majina hayo hakuna cha kusikiliza, na bendi inalijua hilo.

Kuna pia udhalimu wa kulinganisha ambao mpimaji lazima aukwepe. Wazee wanaosema zamani ilikuwa bora wanakumbuka santuri ndogo za mizunguko 45, ambazo upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi, wimbo ukaanza upande wa kwanza na kumalizikia wa pili. Ufupi ule haukuwa fadhila ya wanamuziki, santuri iliwakatia. Kanda zilipotawala, nyimbo zilirefuka, na Okatch Biggy na Heka Heka walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba wimbo mrefu wa mapenzi unaweza kubeba urefu wake bila kulegea, ilimradi magita yana la kusema. Leo hakuna kinachomkata mtu, na ndiyo sababu albamu nyingi za wakongwe huwa na dakika mbili za ziada katika kila wimbo. Linganisha kazi mpya na kanda za bendi ileile kabla hujaileta kwenye santuri za 1974. Na usihukumu kwa spika za matatu ya Migori kwenda Kisii. Zimefunguliwa besi mpaka rizimu imemezwa, yaani zimefuta ushahidi unaoutafuta. Sikiliza kwanza kwa visikizi, umfuate mpiga rizimu peke yake wimbo mzima, kisha rudi kwenye spika kubwa uone kama miguu inakubaliana na masikio.

Linabaki suala la jina la bendi, na hapa karatasi ya albamu husaidia kidogo sana. Okatch Biggy alifariki mwaka 1997, Misiani akafa katika ajali ya barabarani Mei 2006, Musa Juma wa Limpopo International akafuata Machi 2011. Jina kubwa halizikwi pamoja na mwenyewe. Hurithiwa, hugombewa, na wakati mwingine hukodishwa kwa vijana walioajiriwa kwa ajili ya rekodi moja. Wasikilizaji wengi humtafuta mrithi kwa sauti: je, huyu mtoto anaimba kama baba? Mimi ningetafuta kwanza nani ameshika rizimu na nani ameshika besi, kwa kuwa mwigaji wa sauti hupatikana katika kila soko, lakini watu wawili waliokaa nyuma ya kiongozi mmoja miaka kumi na mitano wakijua lini atavuta pumzi hawapatikani tena wakishatawanyika. Watayarishaji wetu wana tabia ya kuandika jina la kiongozi, namba ya simu ya kukodi bendi na jina la studio, basi. Wapiga magita hawatajwi. Kabla hujaisifu au kuiponda albamu ya wakongwe, uliza majina yao, na muuzaji akishindwa kukujibu, fungua wimbo wa tatu au wa nne, si ule wa kwanza uliopambwa kwa ajili ya redio, uende moja kwa moja kwenye chemko.