Hesabu ya Majeshi ya Pharsalus: Nani Alihesabiwa?

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamfahamu Julius Caesar kwa njia ya tamthilia ya Shakespeare, ambayo tafsiri yake iliyofanywa na Mwalimu Nyerere ilichapishwa mwaka 1963. Tamthilia hiyo inapoanza, Pompeius amekwisha kufa, na watu wa Roma wanakemewa kwa kumsahau upesi. Katika makala haya tunarudi nyuma kidogo, hadi kwenye vita vilivyomwangusha Pompeius huko Pharsalus, Ugiriki, tarehe 9 Agosti mwaka 48 K.K., ili tuhakiki jinsi Caesar mwenyewe anavyoyahesabu majeshi mawili katika kitabu cha tatu cha kumbukumbu zake za vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe.

Anasema kuwa Pompeius alikuwa na vikosi 110, yaani askari 45,000, pamoja na wakongwe 2,000 hivi waliorejea jeshini, na wapanda farasi 7,000. Yeye alipanga vikosi 80 vyenye watu 22,000, na wapanda farasi 1,000 tu. Ni dhahiri kuwa hesabu hii inampamba msimulizi, kwani kadiri adui anavyokuwa mwingi ndivyo ushindi unavyong'ara. Hata hivyo, si haki kuitupa yote. Tukigawa, tunapata wastani wa watu 275 kwa kila kikosi cha Caesar, na 409 kwa kila kikosi cha Pompeius. Tofauti hiyo inapatana na maelezo yake kwamba legioni ya nane na ya tisa zilikuwa zimepungua mno hata akazipanga karibu kama legioni moja.

Kuhusu asili ya askari, Caesar anatumia fani nyingine. Anamwachia Labienus, aliyekuwa naibu wake huko Gallia kabla ya kuhamia upande wa pili, kuwaambia wenzake kwamba jeshi hili silo lile lililoishinda Gallia. Wengi wa wale wamekufa, na waliopo wameandikishwa juzijuzi kaskazini mwa Italia. Maneno hayo yamewekwa kabla ya pigano ili pigano lenyewe liyakanushe. Vilevile anaorodhesha kwa makini wageni wa Pompeius: wapanda farasi 600 wa mfalme Deiotarus, 500 kutoka Thrace, 500 kutoka Alexandria, wapiga mishale 3,000 wa Krete na kwingineko, hata watumwa na wachungaji 800 wa Pompeius mwenyewe. Lakini wapanda farasi wake 1,000 hawachambui namna hiyo, ingawa kwingineko katika kitabu hichohicho tunawakuta Wagalli na Wajerumani wakimpigania. Basi msomaji anabaki na picha ya Warumi halisi wakipambana na mchanganyiko wa mataifa, hali kila upande ulikuwa na Warumi wake na wageni wake.

Suala hili linafikia kilele katika hesabu ya wafu. Caesar anadai kuwa alipoteza askari 200 na maakida 30, na kwamba upande wa pili walikufa 15,000. Asinius Pollio, aliyepigana upande wa Caesar, aliandika kuwa askari waliokufa hawakuzidi 6,000. Plutarchus anatueleza kwamba, kwa mujibu wa Pollio, wengi wa waliouawa walikuwa watumishi, waliokutwa kambini ilipotekwa. Naye Appianus anakiri kuwa anafuata waandishi waliowahesabu watu wa Italia peke yao; wafu wa mataifa mengine hawakuhesabiwa, ama kwa wingi wao, ama kwa kudharauliwa.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kati ya 15,000 na 6,000 hakuna tarakimu tu, bali kuna watu: wapishi, wachukuzi na wachunga farasi, ambao mmoja aliwahesabu alipotaka kuukuza ushindi, na mwingine akawatenga alipotaka kusema kweli juu ya askari. Mwanafunzi anayesoma masimulizi ya vita, ya lugha yoyote ile, asiridhike kuuliza kama idadi ni sahihi. Na aulize pia ni nani aliyehesabu, na ni nani aliyeonekana kuwa anastahili kuhesabiwa.