Ini ndani ya tone la jeli

Ini likikatwa sehemu kubwa mwilini hujiotesha upya, lakini seli zake zikiwekwa kwenye sahani ya maabara hupoteza kazi zake ndani ya siku chache. Watafiti wengi walijisaidia na HepG2, seli zilizotoka kwenye uvimbe wa saratani. Huota bila kuchoka, ila kromosomu zake zimevurugika. Kuziuliza kuhusu ugonjwa wa kurithi ni kumhoji shahidi ambaye hakuwapo.

Mwaka 2015, kundi la Meritxell Huch na Hans Clevers huko Utrecht, Uholanzi, lilieleza katika jarida la Cell njia ya kutumia vipande vidogo vya ini vilivyopatikana wakati wa upandikizaji. Kipande hulainishwa kwa vimeng'enya hadi seli ziachane, kisha hudondoshwa ndani ya jeli na kumiminiwa virutubishi. (Jeli yenyewe, cha ajabu, hutokana na uvimbe wa panya.) Virutubishi vilivyotosha kwa seli za panya mwaka 2013 havikuzidumisha za binadamu. Waliongeza vitu viwili: kizuizi cha TGF-beta, ishara inayozituliza seli zisigawanyike, na foskolini, inayopandisha cAMP, molekuli inayopitisha ishara ndani ya seli. Seli zikaota kwa miezi, zikijikunja kuwa vifuko vyenye uwazi katikati, yaani oganoidi. Wakasoma jenomu zake, wakakuta mabadiliko machache mno. Bila kipimo hicho wasingejua kama hawakutengeneza HepG2 nyingine.

Werevu mkubwa zaidi, kwangu, ulikuwa katika kuchagua magonjwa ya kuzijaribia oganoidi hizo. Walianza na yale ambayo jeni yake mbovu inajulikana, ili jibu liweze kusahihishwa. Katika oganoidi za wagonjwa wenye upungufu wa antitripsini ya alfa-1, protini hiyo ilirundikana ndani ya seli badala ya kutoka nje, kama inavyotokea kwenye ini la mgonjwa. Ugonjwa wa Alagille ulikuwa mtihani mgumu zaidi, kwa sababu kasoro yake iko kwenye mirija ya nyongo. Oganoidi za mgonjwa zilifanana na za mtu mzima wa afya hadi zilipochochewa ziwe seli za mirija. Hapo zikashindwa, nyingine zikafia katikati ya kifuko.

Katika tone hilo hamna mishipa ya damu, seli za kinga, wala seli zinazojenga makovu. Kwa hiyo sirosisi, ambayo ni ugonjwa wa makovu, haiwezi kuonekana humo mpaka seli hizo zioteshwe pamoja na oganoidi.