Paka wa Dunga

Katika thum, muziki wa Wajaluo, mtu hujisifu kwa pesa yake. Mpigaji anapiga, watu wanacheza, mara mmoja anajitokeza na noti mkononi. Muziki unasimama. Anajitangaza: ni nani, mwana wa nani, wa wapi, anapendwa na nani. Akimaliza, nyuzi zinaitikia na ngoma inaendelea. Hiyo ndiyo pakruok. Mgeni aliyefika Dunga, kando ya ziwa pale Kisumu, mwisho wa juma kula ngege wa kukaanga anaweza kuisikia kwenye spika ya kibandani akadhani ni tangazo la biashara. Siku hizi hatakuwa amekosea sana, lakini tutafika huko.

Asili ya pakruok ni nyatiti. Chombo kina nyuzi 8. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi sana, karibu na ardhi, kidole gumba cha mguu kimevishwa pete ya chuma inayogonga ukingo wa mbao, njuga za gara zimefungwa mguuni. Vidole vinavuta, mguu unagonga, mdomo unaimba, na yote hayo ni mtu mmoja. Watu husifu vidole. Mimi namstahi zaidi kwa masikio. Anapokatizwa hapumziki, anasikiliza. Jina ambalo limetamkwa sasa hivi na mtu aliyelewa nusu, lenye silabi zake zisizo na mpango, lazima alipokee, alikunje liingie kwenye mdundo, alirudishe ndani ya wimbo kana kwamba lilikuwa humo tangu mwanzo. Mwaka 1928 Milman Parry, Mmarekani aliyekuwa akisoma Paris, alionyesha kwamba zile sifa za mashujaa wa Homer, mwenye mbio huyu na mwenye hila yule, zilikuwa akiba ya kujazia mizani: malenga alizikuta tayari zimepimwa. Jathum, mpigaji wetu wa nyatiti, hana bahati hiyo. Yeye sifa anatupiwa.

Na mwenye kutupa naye ni fundi, akiwa mzuri. Nitunge mfano wangu, nisimsingizie mtu. Mvuvi wa Dunga anataka kusema amefanikiwa. Akisema "mimi ni mvuvi hodari," amepoteza noti yake. Hodari ni wengi. Akisema "mimi mwana wa Dunga," angalau amesimama mahali. Sasa aongeze: "Mimi mwana wa Dunga, ambako paka hawali kichwa cha samaki." Hapo watu watapiga kelele. Hajataja mtumbwi, nyavu wala fedha, wala hajajisifu mwenyewe; amemtaja paka aliyeshiba, na kila msikilizaji amepiga hesabu mwenyewe ya samaki waliopita jikoni hadi paka akaanza kuchagua. Angeweza kuendelea: mkwe wangu huja na kapu tupu na kuondoka na mpagazi. Mimi ningemshauri aache. Paka anatosha, na mkwe anakuja kumfunika.

Huu si ufundi wa Wajaluo peke yao. Ng'ambo ya ziwa, Wahaya wana ebyebugo, shujaa akijitapa mbele ya mukama, mfalme wao. Pwani wapo wa vijivugo, tungo za kujisifu, na shujaa Fumo Liyongo hakujipunja kwa sifa. Tofauti ni kwamba shujaa wa aina hiyo alikuwa na vita vya kutaja. Pakruok imeshuka hadi kwa mvuvi, mshonaji, kondakta wa matatu na mwanamke anayeuza omena, ambaye hata bila ngoma wenzake humwita kwa kwao: nyar Alego, nyar Gem, yaani binti wa Alego, binti wa Gem. Sifa yake inaanzia hapo hapo sokoni.

Sifa ikishatoka mdomoni haina mwenyewe. Tazama Gor Mahia. Gor alikuwa mganga na mwaguzi wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, na husimuliwa kwamba aliweza kujigeuza umbo akawachezea waliomtafuta. Mahia, maajabu, ilikuwa sifa ya kuogofya; hukuitamka ovyo karibu na boma lake. Mwaka 1968 ikawa jina la klabu ya mpira. Mwaka 1987 klabu hiyo ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunis, 2-2 ugenini na 1-1 nyumbani, bao la ugenini likaamua, na kwa siku chache neno likarudia uzito wake wa zamani. Leo limechapishwa kwenye jezi za kijani, na mtoto huliimba bila kumwogopa yeyote. Mashabiki wenyewe wameshaongeza sifa nyingine juu yake: Sirkal, yaani serikali. Hiyo naipenda kuliko zote, kwa kiburi chake cha wazi.

Ohangla, ngoma nyingine ya Wajaluo, sasa ikiwa na kinanda cha umeme, imeongeza sauti na imepunguza subira. Anayesifiwa si lazima awepo. Pesa inaingia kwa M-Pesa, jina linasomwa kwenye simu, na mwimbaji hulirudia mara nyingi kwa kadiri ya kiasi kilichotumwa. Mheshimiwa fulani, mheshimiwa fulani, mheshimiwa fulani. Masikio ya jathum wa zamani yangeuma kusikia. Jina tupu halina paka.

Kilichobaki na makali ni majibu. Kanuni ya zamani bado inaruhusu: ukichukizwa na sifa ya mwenzako, nawe toa noti yako umkatize. Na Kisumu kila mtu anajua mnofu wa samaki wa mbuta huenda viwandani na kusafirishwa nje, huku wenyeji wakiuziwa mgongo wazi, ule mfupa wenye kichwa, ukaangwe. Kwa hiyo mvuvi wangu, kabla hajarudi kuketi, atasikia noti nyingine inatolewa nyuma yake na mtu anauliza kwa upole: hao paka wa Dunga hawali vichwa, au hawaachiwi?