Kiswahili cha Mashine Katika Darasa la Iyolwa: Uhakiki Mfupi

Wahenga walinena kwamba kizuri hakikosi ila. Tangu programu ya ChatGPT itolewe Novemba 2022, zana za akili mnemba zimezoeleka kazini, nyumbani na hata katika madaftari ya wanafunzi. Makala haya yanahakiki jambo moja tu: Kiswahili ambacho zana hizo humpa mwanafunzi wa Iyolwa, wilayani Tororo, Uganda.

Nyumbani, wengi huko huzungumza Kidhopadhola, lugha ya Kinailoti isiyo na ngeli kama za Kibantu. Katika madarasa ya juu hufundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili husikika zaidi mpakani, Malaba na Busia. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kiwe somo la lazima, lakini walimu bado ni wachache. Basi mwanafunzi huandika insha kwa Kiingereza, mashine ikamtafsiria.

Tuisifu kwanza. Upatanisho wa kisarufi, unaowatatiza sana wanafunzi hawa, mara nyingi huwa sahihi. Kasoro imejificha katika maana. Saa 8 asubuhi kwa hesabu ya Kizungu ni saa mbili asubuhi kwetu. Tafsiri ya neno kwa neno huleta "saa nane". Anayeiamini atafika mchana, somo limekwisha. Vilevile, Kiingereza kina neno moja kwa ndugu wa kiume wa baba na wa mama. Hapo mashine hubahatisha, na ikisema "mjomba", baba mdogo anayelipa karo amehamishiwa ukoo wa mama, wala hakuna kosa la sarufi la kumzindua msomaji.

Mzawa wa lugha atacheka na kusahihisha. Mwanafunzi wa Iyolwa je? Ufasaha wenyewe ndio unaompoteza, kwa kuwa sentensi iliyonyooka huaminiwa upesi.

Hatupendekezi zana hizi zipigwe marufuku. Tunapendekeza tafsiri ya mashine iletwe darasani kama insha nyingine yoyote, isahihishwe kwa kalamu nyekundu, kisha mwenye insha aulizwe: huyu ni ndugu wa nani? Ilikuwa saa ngapi, jua likiwa wapi? Majibu hayo anayo mwanafunzi, na ndiyo yatakayomfundisha Kiswahili.