Uhakiki wa Istilahi za Biashara ya Simu

Istilahi hufaa kwa kadiri inavyokitaja kitu kama kilivyo. Kitu kikibadilika na jina lake likabaki, msemaji hutaja kisichokuwapo, na msikilizaji huelewa visivyo. Ndivyo ilivyo kwa istilahi kadhaa za biashara ya simu nchini, nasi twaona yafaa zipimwe.

Katika miaka ya 1990, simu za mkononi zilipoanza kuenea, makampuni yaliuza hasa dakika za kuzungumza. "Muda wa maongezi" lilikuwa jina la haki. Mwaka 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Mwaka 2008 Vodacom ikaianzisha Tanzania. Tangu hapo makampuni yamezidi kutafuta mapato katika intaneti na katika miamala ya fedha. Leo mvuvi wa Musoma anunuaye "muda wa maongezi" aweza kuutumia wote kwa intaneti pasipo kutamka neno. Alichonunua si muda wala si maongezi, bali ni malipo ya kabla kwa huduma atakayoichagua. Twapendekeza "salio la huduma", litofautishwe na "salio la fedha", ambalo mwenyewe aweza kwenda kwa wakala akalitoa taslimu.

"Kifurushi" ni neno zuri kwa umbo: fupi, lenye asili ya Kiswahili, na wananchi wamelipokea. Ila kasoro yake imo katika taswira. Furushi hufungwa na mwenyewe, naye hulifungua apendapo; kifurushi cha simu huisha siku yake ifikapo, hata kama kilichomo hakijatumika. Hatusemi neno lifutwe. Twasema kwamba palipoandikwa "kifurushi", muda wa ukomo uandikwe papo hapo, kwa herufi zilezile.

Kosa lililo zito zaidi ni kuchanganya "ada", "kodi", "tozo" na "makato". Julai 2021 Serikali ilipoweka tozo ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala wa kutuma au kutoa fedha, wananchi walikuwa tayari wakilipa ada za makampuni. Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Mama auzaye dagaa Bunda, akimtumia mwanawe fedha za shule, aliyaita yote "makato", naye hana lawama. Neno hilo lasema tu kwamba fedha imepungua, halisemi nani kaipunguza. Raia asiyejua fedha yake imekwenda kwa kampuni au kwa Hazina hajui amwulize nani. Hivyo "ada" ibaki kwa malipo ya huduma ya kampuni, na "kodi" na "tozo" kwa madai ya Serikali yenye sheria. "Makato" liwe jina la jumla, lisilotumika peke yake katika risiti wala tangazo.

Hapana istilahi isiyo na upande. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969, aliacha "mfanyabiashara" na kuchagua neno lenye hukumu ndani yake. Yeye alichagua kwa kujua. Hatari ni kwa mfasiri anayenakili neno la tangazo pasipo kujua kwamba amekwisha kuchagua.

Mkopo wa simu nao umo njiani mwa mapato yajayo; M-Pawa ilianza mwaka 2014. Malipo yanayoongezeka kwa kadiri deni linavyokaa ni riba. Yakiitwa "ada", mkopaji atadhani amenunua huduma, kumbe amekodi fedha. Walimu na wafasiri waitetee tofauti hiyo mapema, kabla mazoea hayajaifuta. Nao watumishi wa Serikali, kila wanapoandaa waraka au fomu, wajiulize kwanza: anayelipa ni nani, anayelipwa ni nani, na kwa nini?