Makuzi ya Mwanamke Aliyetengana na Mume: *Coming to Birth* Isomwapo Kericho na Bomet

Makala haya yanakusudia kuichunguza dhamira ya makuzi ya mwanamke baada ya kutengana na mumewe, kama inavyojitokeza katika *Coming to Birth* (1986), riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama masimulizi ya makuzi mawili yanayokwenda sambamba: ya Paulina na ya taifa la Kenya. Usomaji huo una msingi, kwani msuko unaanzia katika miaka ya hali ya hatari na kuendelea hadi baada ya uhuru. Hata hivyo, unaliacha swali moja bila jibu: Paulina anakua kwa uwezo gani? Hoja yetu ni kwamba makuzi yake hayatokani na nafsi peke yake, bali pia na mshahara na paa. Na kwamba nchi ya chai ya Kericho na Bomet ni kipimo kizuri cha hoja hiyo.

Mwaka 1956 Paulina, msichana wa miaka 16, anasafiri kwa treni kwenda Nairobi kwa mumewe, Martin. Reli hiyo ilipita Fort Ternan na Londiani, lakini riwaya haitui huko. Nairobi mimba inamtoka, anapotea njia, anapigwa. Baadaye anasomea maarifa ya nyumbani na kuajiriwa Kisumu. Mwandishi hamsawiri kama mtu aliyeamka siku moja akiwa amejikomboa. Anampa kazi, mahali pa kulala na muda wa kujijua. Hata msiba wa mwaka 1969, mwanawe Okeyo anapouawa kwa risasi Kisumu, haumrudishi alikoanzia.

Tuihamishe sasa hali hii Kericho. Kwa miongo mingi makampuni ya chai yaliwaajiri wahamiaji wengi kutoka Nyanza, wanawake wakiwamo. Mchumaji hupata ujira wake mwenyewe, lakini nyumba ni ya kampuni: kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Kuingia kwa mashine za kuchumia chai, ambazo baadhi yake zilichomwa moto katika ghasia za Mei 2023, kumeufanya udhaifu huo uonekane wazi zaidi. Katika mashamba madogo, yaliyoanza kusimamiwa na KTDA mwaka 1964, mambo ni kinyume: nyumba ipo, lakini mara nyingi ardhi na malipo ya bonasi yameandikwa kwa jina la mume, hata kama mkono unaochuma ni wa mke. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inautambua mchango usio wa fedha, kazi ya shambani ikiwamo. Lakini kuutambua mchango ni jambo moja, na kuuthibitisha mahakamani ni jambo jingine.

Zaidi ya hayo, kwa desturi ya Wakipsigis ndoa haivunjiki kwa urahisi. Mke anayeishi mbali na mumewe hubaki mke, na watoto atakaowazaa ni wa mume. Msomaji wa Bomet hatashangaa, basi, kwamba Paulina na Martin hawapeani talaka. Vilevile, desturi hiyohiyo inamruhusu mwanamke asiye na mtoto wa kiume kuoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isizimike. Kwa hiyo, wazo la nyumba yenye mwanamke kwa nguzo si geni katika nchi hii.

Kwa mtazamo huu, mwisho wa riwaya, ambapo Paulina anarudiana na Martin, hauna budi kuhakikiwa upya. Ziko sababu za kuuona kama kurudi nyuma. Sisi tunaona kwamba anayerudi si yule wa 1956: sasa ana kazi yake na maoni yake, na mume ndiye anayelazimika kujifunza. Dosari iliyopo ni kwamba mimba ya mwishoni inakaribia kuyafanya makuzi yahitaji muhuri wa uzazi.

Uhakiki wetu umezoea kumpongeza mhusika wa kike pindi anapofunga mlango wa mumewe. Nchi ya chai inatudai tuulize pia ni mlango wa nani anaoufungua usiku huo, na ufunguo wake unakaa kwa nani.